Padri Aliyeanza Kukanda Nyayo

Padri Josef Eugster alikuwa hajatimiza miaka arobaini goti lilipoanza kumtesa. Mswisi huyo, aliyezaliwa mwaka 1940, alifika Taiwan mwaka 1970 akiwa mmisionari wa Shirika la Bethlehemu la Immensee, lilelile lililowahi kupeleka mapadri wake Gweru, Zimbabwe. Alipangiwa kazi Taitung, mkoa wa pwani ya mashariki uliobanwa kati ya milima na Bahari ya Pasifiki. Waumini wake wengi walikuwa Waamis, mojawapo ya jamii za wenyeji wa asili wa kisiwa hicho. Kazi yenyewe ni ya kupanda na kushuka, kusimama muda mrefu, kupiga magoti. Ukiwa na ugonjwa wa viungo, kila siku ni adhabu.

Dawa hazikumfikisha mbali. Ndipo mmisionari mwenzake akampa kitabu cha Kijerumani kilichoandikwa na muuguzi wa Kiswisi, Hedi Masafret, kinachoeleza namna ya kushughulikia maradhi kwa kubonyeza nyayo. Eugster alikisoma, akavua viatu, akaanza kujibonyeza mwenyewe. Kwa maelezo yake, maumivu yalipungua hadi akarudi kutembea kama zamani.

Angeweza kukifunga kitabu na kushukuru. Badala yake akawageukia waumini wake, na wagonjwa wa parokiani wakawa wa kwanza kukaa mbele yake na kumnyooshea miguu. Habari hazikai mahali pamoja. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 magazeti na televisheni za Taiwan zilikuwa zimemtangaza kisiwa kizima, na watu wakawa wanafunga safari kumtafuta padri Mzungu anayeshika miguu ya wagonjwa. Umaarufu ukamletea na balaa: hakuwa na leseni ya udaktari, na mamlaka za afya zikamtaka ajieleze.

Eugster hakuacha upadri. Misa aliendelea kuisoma, na nyayo aliendelea kuzishika, na leo mbinu inayofahamika kwa jina lake la Kichina, Rwo Shur, inafundishwa mbali na Taitung. Kazi hiyo inaitwa rifleksolojia: kubonyeza sehemu maalumu za nyayo, na wakati mwingine viganja au masikio, kwa imani kwamba kila sehemu ina uhusiano na kiungo fulani cha mwili. Ukifuatilia waliojenga fani hii, mmoja baada ya mwingine, unakuta karibu wote walifika wakitokea kwingine. Ni kazi ya watu waliokwisha kuwa na kazi.

Aliyewasha moto alikuwa daktari wa masikio, pua na koo. William Fitzgerald alifanya kazi katika hospitali ya Mtakatifu Francis mjini Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Alidai kwamba akimbonyeza mgonjwa sehemu fulani, ganzi inaingia sehemu nyingine, kiasi cha kuweza kumfanyia upasuaji mdogo. Akaugawa mwili katika kanda kumi za wima, tano kila upande, kutoka utosini hadi kwenye vidole. Alitumia vitana vya chuma, mipira ya kufungia na vibanio vya kuanikia nguo. Mwaka 1915 mwenzake, Edwin Bowers, aliandika katika jarida moja la Marekani makala iliyowaambia wasomaji wabane kidole cha mguu ili kutuliza maumivu ya jino, na mwaka 1917 wawili hao wakatoa kitabu. Madaktari wengi walikipuuza.

Wapenzi wa fani hii hupenda kuirudisha nyuma zaidi, hadi kwenye kaburi la Ankhmahor huko Saqqara, Misri, lenye umri wa zaidi ya miaka 4,000. Ukutani kumechorwa watu wanaoshughulikia mikono na miguu ya wengine. Huenda ni tiba, na huenda ni watu wanaotengenezwa kucha. Wataalamu wa mambo ya kale hawajakubaliana. Fani hii haihitaji kuazima heshima kwa mafarao. Historia yake ya kweli ina umri wa karne moja na kidogo, na inatosha.

Katika historia hiyo, jina linalotajwa kuliko yote ni la mwanamke. Eunice Ingham, aliyezaliwa mwaka 1889, alikuwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 alifanya kazi na daktari Joe Shelby Riley huko St. Petersburg, Florida, aliyekuwa akitumia nadharia ya Fitzgerald. Kwa Riley nyayo zilikuwa sehemu moja tu ya mwili mzima. Ingham alitulia hapohapo kwenye nyayo. Alibonyeza miguu ya mgonjwa mmoja baada ya mwingine, akaandika wapi panauma na mgonjwa analalamikia nini, na pole pole akachora ramani ya mwili mzima juu ya miguu miwili. Alijaribu hata kubandika vibunda vya pamba kwenye sehemu zinazouma na kuwaacha wagonjwa watembee navyo. Akaona mbonyezo usiokoma unazidisha, akabadili: bonyeza, achia, bonyeza tena.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1938, akikaribia miaka hamsini. Kwa umri huo wengi wetu tunahesabu iliyobaki kufikia pensheni. Yeye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusafiri mji hadi mji akifundisha watu wa kawaida, na hakutulia hata alipopita miaka sabini. Alifariki dunia mwaka 1974.

Kitabu chake kilivuka bahari. Mwaka 1958 kilimfikia Hanne Marquardt, Mjerumani aliyekuwa muuguzi na mkandaji. Hakuamini. Lakini kazini kwake hakukosa miguu ya kujaribia, akajaribu kwa miaka kadhaa, na mwaka 1967 akavuka kwenda Marekani kujifunza kwa Ingham mwenyewe. Aliporudi alianzisha shule katika Msitu Mweusi, kusini mwa Ujerumani, na mwaka 1975 akatoa kitabu chake. Marquardt alisimamia jambo moja kwa ukali: wanafunzi wake wawe watu waliokwisha kusomea tiba, yaani wauguzi, wakunga, wataalamu wa viungo, madaktari. Ingham alifungua mlango kwa yeyote mwenye mikono, Marquardt akauegesha nusu. Mvutano huo haujaisha hadi leo, na kila anayetaka kuingia kwenye kazi hii lazima aamue amesimama upande gani.

Kazi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, haina mbwembwe. Mteja anakaa kwenye kiti kinacholala nyuma, miguu imeinuliwa hadi usawa wa kifua cha mkandaji. Mkandaji makini hagusi kitu kabla ya kuuliza: una kisukari? Una mimba? Umewahi kuganda damu kwenye mshipa? Unatumia dawa gani? Anaandika majibu. Miguu inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu na kufutwa hadi katikati ya vidole. Halafu anaitazama kabla ya kuibonyeza: rangi ya ngozi, sugu ziko wapi, visigino vimepasuka kiasi gani, mguu upi umevimba kuliko mwenzake. Dakika za kwanza ni za kulegeza tu, kuzungusha kifundo na kusukuma unyayo huku na huku.

Kisha kidole gumba cha mkandaji kinaanza safari. Kinajikunja na kujinyoosha, kikisogea mbele kidogo kidogo mithili ya kiwavi kwenye jani, bila kuruka mahali. Kwenye ramani ya Ingham, vidole ndivyo kichwa. Chini yake, kwenye mto wa unyayo, ni kifua na mapafu. Upinde wa ndani, kutoka kidole gumba cha mguu hadi kisigino, ndio uti wa mgongo. Ini liko mguu wa kulia, moyo upande wa kushoto, nyonga kwenye kisigino. Mahali panapochoma au penye kitu mithili ya chembe za mchanga chini ya ngozi, kidole kinarudi na kukaa. Shule ya Ingham hubonyeza kwa upole. Mtindo uliotokana na Eugster hutumia kifundo cha kidole kilichokunjwa, na mteja mgeni anaweza kukamata mikono ya kiti. Kazi nzima huchukua kati ya dakika 45 na saa moja, na kwa saa hiyo hakuna anayekutaka usimame, ujibu simu wala utoe maelezo.

Kila mguu una mifupa 26. Ukijumlisha yote miwili unapata 52, karibu robo ya mifupa yote ya mwili wa mtu mzima, na ndiyo inayobeba uzito wa siku nzima. Haishangazi kwamba mtu akishikwa hapo kwa utulivu anapumua tofauti.

Je, inatibu? Swali hili halikwepeki, na mtu anayetaka kuacha kazi yake kwa ajili ya nyayo anapaswa kulijibu kabla ya mteja wa kwanza. Mwaka 2009 Profesa Edzard Ernst alichapisha nchini Australia tathmini ya majaribio 18 ya kitabibu yaliyofanywa kuhusu rifleksolojia. Alihitimisha kwamba ushahidi uliopo hauonyeshi kwa namna ya kuridhisha kuwa inatibu ugonjwa wowote. Miaka kumi baadaye, Aprili 2019, serikali ya Australia iliiondoa rifleksolojia, pamoja na tiba nyingine 15 za asili, kwenye orodha ya huduma zinazopata ruzuku kupitia bima binafsi za afya. Hakuna daktari wa upasuaji aliyepata kuonyesha njia ya mwilini inayotoka kwenye upinde wa mguu hadi kwenye figo.

Lakini habari haiishii hapo. Mwaka 2012 Gwen Wyatt wa Chuo Kikuu cha Michigan State na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wanawake 385 wenye saratani ya matiti iliyofikia hatua za juu. Kundi moja lilipata rifleksolojia, la pili lilikandwa miguu na watu wasio wataalamu, la tatu likaendelea na matibabu ya kawaida peke yake. Waliopata rifleksolojia walihema kwa nafuu zaidi, na waliweza zaidi kufanya shughuli za mwili kuliko wale wa kundi la tatu. Maumivu na kichefuchefu havikuonyesha tofauti. Na waliopungukiwa na uchovu, ukilinganisha na kundi la tatu, walikuwa wale waliokandwa na wasio wataalamu. Mwaka 2017 timu hiyo ilitoa matokeo ya utafiti mwingine wa wagonjwa 256: ndugu na marafiki wa kundi moja walifundishwa kuwakanda nyumbani, na makali ya dalili za kundi hilo yalipungua.

Mwandishi wa makala haya anayasoma matokeo hayo hivi: saratani haiondoki kwa kubonyeza nyayo, lakini mgonjwa aliyeshikwa miguu na mtu anayemjali anaubeba ugonjwa wake vizuri zaidi. Hilo si jambo dogo. Aliyewahi kukaa na mgonjwa wodini, kwenye foleni ya dawa, kwenye benchi la kliniki, anajua kwamba kinachokosekana mara nyingi ni muda wa mtu. Daktari mwenye wagonjwa sitini nje ya mlango hana saa moja ya kumpa mmoja wao. Mkandaji anayo. Hiyo ndiyo bidhaa yake halisi, na anayeiuza kwa jina hilo hamdanganyi mtu.

Taiwan ilifikia mahali hapohapo kwa njia ya sheria. Baada ya misukosuko ya zama za Eugster, mwaka 1993 mamlaka ya afya ya huko ilitoa mwongozo kwamba kukanda nyayo hakutahesabiwa kuwa ni kufanya udaktari, ilimradi anayekanda asitangaze kuwa anatibu. Baada ya hapo biashara ilichanua mijini, na vibao vyenye mchoro wa unyayo wenye rangi za viungo vikawa sehemu ya barabara za Taipei.

Ustawi huo ulikuwa na walioumia. Kisheria, kazi ya masaji Taiwan ilikuwa imetengwa kwa ajili ya wasioona. Wanaoona walipozidi kuingia, wasioona waliona riziki yao inaondoka mbele yao. Mwezi Oktoba 2008 majaji wa katiba waliamua kwamba kuwafungia wengine kazi hiyo ni kinyume cha katiba, wakatoa muda wa miaka mitatu kabla ya sharti hilo kufutwa. Uamuzi ulikuwa na hoja zake. Hata hivyo, aliyesikia wito wa kukanda akiwa na kazi nyingine mkononi na aliyejifunza kukanda kwa sababu milango mingine yote ilifungwa hawakuingia sokoni kwa nguvu sawa, na serikali yoyote inayopanga utaratibu wa kazi hii inapaswa kuwakumbuka wa pili.

Kwa upande wake Eugster alirudi kulekule alikoanzia. Katika parokia yake ya Changbin, watu wa eneo hilo, wengi wao wanawake wa Kiamis, walifundishwa kukanda, na wageni wanaopita pwani hiyo husimama kukandwa. Kwa vijiji ambavyo vijana wake huhamia mijini kutafuta ajira, hiyo ni kazi inayomruhusu mtu kubaki nyumbani. Padri aliyeanza na goti lake mwenyewe aliishia kuwapa wengine mshahara.

Katika safari hizi zote kazi ya kwanza haikupotea. Fitzgerald alipima kidaktari. Ingham aliandika kumbukumbu za kila mguu. Marquardt alileta nidhamu ya wodi, Eugster akaleta uvumilivu wa mtu aliyezoea kusikiliza watu wakieleza yaliyowasibu. Mwalimu anayeingia leo analeta uwezo wa kueleza bila kutisha. Mhasibu analeta daftari la mapato, na atalihitaji, kwa sababu kipato cha kazi hii hupanda na kushuka, na wateja hupungua mwezi wa ada za shule. Aliyekuwa mkunga analeta kitu kikubwa zaidi: anajua dalili ya hatari akiiona.

Kwetu Afrika Mashariki kukanda si jambo la kuletwa. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua, timu ya mpira ina mchua misuli wake, na kila mtaa una bibi anayejua kunyoosha mguu ulioteguka. Rifleksolojia inaingia kwenye mazoea hayo ikiwa na ramani na cheti. Afrika Kusini imeiwekea uzio: chini ya Sheria Na. 63 ya mwaka 1982, mtaalamu wa rifleksolojia ni miongoni mwa watoa huduma wanaosajiliwa na baraza la taaluma shirikishi za afya. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002, iliyounda baraza la kusajili watoa huduma hizo. Mlango wa kuanzia upo, na anayetaka kuheshimiwa aupitie.

Hatari kubwa kwetu ni kisukari. Mwenye kisukari cha miaka mingi anaweza kuwa amepoteza hisia za nyayo. Maji yakiwa ya moto kupita kiasi, hahisi kwamba anaungua. Anakuja kuona malengelenge kesho yake. Akibonyezwa kwa nguvu hasemi basi, kwa sababu hasikii. Kidonda kidogo kwenye unyayo wa namna hiyo kinaweza kuishia kukatwa mguu. Anayejifunza kazi hii bila kufundishwa mguu wa kisukari amefundishwa nusu, hata cheti chake kiwe na mihuri mitatu. Na anayemwambia mgonjwa aache vidonge vya presha au sindano ya sukari kwa sababu nyayo zimeshughulikiwa anamweka kwenye hatari ya kifo.

Basi wewe unayesoma haya ukiwa na miaka ishirini ya ofisi, darasa au kaunta ya benki nyuma yako, na mikono yako inakuambia kuna kazi nyingine: usiandike barua ya kuacha kazi kesho. Kabla ya kulipa ada ya kozi, uliza cheti chake kinatambuliwa na nani. Jifunze jioni na mwisho wa wiki, kanda ndugu na majirani, andika kila mguu uliopita mikononi mwako. Omba ruhusa ukae siku chache kwenye kliniki ya kisukari ya hospitali ya wilaya uone vidonda. Jisajili. Na siku utakapoletewa mteja mwenye mguu mmoja uliovimba, una joto na kigimbi kinauma, usiuguse: inaweza kuwa damu iliyoganda, na anatakiwa kufika hospitali siku hiyohiyo.